Nguo Isikae Hata Dakika Moja Bila Namba Yake

Hotuba kwa wenye ofisi za dobi na wafanyakazi wao, Mtwara Mjini

Ndugu zangu wenye ofisi, mafundi wa pasi, dada zangu wa kaunta, na nyinyi vijana mnaoshinda na mikono ndani ya maji: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Ahsanteni kwa kufunga ofisi asubuhi hii. Najua saa moja ya kufunga ni hela, na najua wengine mmepanda bajaji kutoka Mikindani na Naliendele huku nyuma mmeacha nguo zimelowekwa. Kwa hiyo sitazunguka.

Nimeombwa nizungumzie kuchanganyika kwa nguo za wateja. Nina jambo moja tu, na yote nitakayosema yanatoka humo: nguo ya mtu ikishavuka kaunta yetu, isikae hata dakika moja bila namba iliyoshikamana nayo yenyewe. Namba iliyo juu ya furushi haitoshi. Namba iliyo kwenye risiti haitoshi. Na kichwa cha dobi mzoefu, ambacho ndicho wengi wetu tunakitegemea, nacho hakitoshi tena.

Nianze na hicho kichwa, maana hapo ndipo tunapobishana. Zamani dobi wa Ligula au Shangani aliwajua wateja wake kwa nguo zao: shati la mistari la mwalimu, suti ya kijivu ya karani wa bandari, gauni la maua la mama fulani. Akiishika nguo anamwona mwenyewe. Ujuzi ule nauheshimu sana. Lakini mji uliouzaa umebadilika. Tumepata gesi ya Mnazi Bay, tumepata kiwanda cha saruji, vyuo vimeongezeka, hospitali ya rufaa ya kanda iko pale Mitengo, na kinachoingia dukani siku hizi ni sare. Ovaroli za bluu za saizi moja, zimenunuliwa siku moja, zimechakaa kwa jasho la aina moja. Mashati meupe ya wanafunzi. Shuka nyeupe za gesti, ambazo kuanzia Oktoba mpaka Januari, wanunuzi wa korosho na madereva wa malori wakijaa mjini, zinaletwa kwa marundo. Na wiki ya Idd ndiyo msiseme: kanzu nyeupe juu ya kanzu nyeupe, na kila mwenye kanzu anaitaka kabla ya swala. Macho hayana pa kushika hapo. Dobi mwenye uzoefu wa miaka mingi na kijana aliyeanza kazi jana wako sawa mbele ya kanzu mbili zilizoshonwa na fundi mmoja.

Sasa tuangalie kazi yetu yenyewe inavyokwenda, kwa sababu nguo hazichanganyiki kwa bahati mbaya tu. Tunazichanganya sisi, kwa makusudi, na ni lazima tufanye hivyo. Mteja analeta nguo 12. Nyeupe zinakwenda na nyeupe za wenzake, zinazochuja zinakwenda peke yake, jinzi na ovaroli zinakwenda kwenye mashine ya nguo nzito, na lile koti lenye lebo ya kukataza maji linawekwa pembeni kabisa. Nguo za mtu mmoja zimeshakuwa sehemu nne, na kila sehemu iko katikati ya nguo za watu wengine sita au saba. Kuchambua ni kutawanya. Tusipochambua tunaharibu nguo. Tukitaka kila mteja aoshewe kwenye mashine yake peke yake, tunamwaga maji na umeme ambao bei yetu hailipi. Kwa hiyo lazima tutawanye, na ugumu wote uko kwenye kukusanya tena.

Sisi watu wa huku tumeshaishi na utaratibu wa kukusanya na kutawanya mali za watu. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zetu zimepita kwenye stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka, zinapimwa, anapewa karatasi inayosema uzito na daraja, na karatasi hiyo ndiyo haki yake. Ningependa dobi wa Mtwara awe na moyo huohuo wa karatasi. Ila kuna tofauti moja, na hiyo ndiyo inaifanya kazi yetu iwe ngumu kuliko ya ghala. Kilo ya korosho za daraja la kwanza inaweza kulipwa kwa kilo nyingine ya daraja lilelile, na mkulima asipungukiwe na kitu. Kanzu ya mtu hailipwi kwa kanzu ya mwenzake hata zikiwa zinafanana kwa uzi. Moja alivaa siku ya ndoa yake. Kwa hiyo karatasi ya jumla, inayosema "kanzu 3, mashati 5", hiyo ni ya ghala. Yetu lazima ifike kwenye nguo mojamoja.

Tuanze kaunta. Mambo mengi tunayoyalaumu kwa wafuaji na wapiga pasi yameanzia kaunta, tena kwenye dakika za kwanza. Mteja ana haraka, bodaboda inamsubiri nje, anasema "ziko kumi na mbili hizo, nitazifuata kesho." Dada wa kaunta anaandika 12. Hajahesabu. Hapo tayari tumeshapoteza kesi, kwa sababu zikitoka 11 hakuna mtu duniani anayejua kama ya 12 iliwahi kuingia. Nawaombeni: hesabu mbele ya mteja, kwa sauti, nguo moja baada ya nyingine, mkono ukipita mifukoni na ndani ya mikono ya shati ambako soksi hujificha. Suti ni vipande viwili, andika viwili. Doti ya kanga ikishakatwa na kupindwa ni vipande viwili, na kila kipande kina namba yake.

Na andika nguo kwa sura yake. "Shati jeupe" halimsaidii mtu. "Shati jeupe mikono mirefu, kifungo cha tatu hakipo, kola ina alama ya njano", hilo unaweza kulitafuta ukalipata. Kanga tumerahisishiwa na walioibuni: andika rangi, kisha andika jina lake, yale maneno yaliyochapwa chini. Kanzu angalia darizi ya kifuani, rangi ya uzi, kisha weka utepe wa fundi cherehani hapo kaunta, pima kutoka begani mpaka pindo, andika inchi. Watu wawili wanaweza kuwa na kanzu za fundi mmoja; ni mara chache wakawa na urefu mmoja.

Nguo za ndani zina aibu yake, na aibu hiyo tuiheshimu. Mteja hataki dada wa kaunta amwagie vitu vyake mezani watu wakiona. Mpe mfuko wa neti wenye zipu, azitie na kuzihesabu mwenyewe, akutajie idadi, mfuko ufungwe na namba. Zinafuliwa humohumo, zinaanikwa peke yake, zinarudi humohumo. Soksi na vitambaa vya mkono vifanyiwe hivyohivyo, kwa sababu soksi moja ikiingia ndani ya foronya, au ikikwama kwenye mkunjo wa raba ya mlango wa mashine, itatokea siku tatu baadaye kwenye nguo za mtu mwingine.

Majina msitumie. Nasema hivyo kwa mji huu ambao kwenye foleni moja unaweza kuwa na Hamisi watatu na Somoe wawili. Tumia namba, na namba ziandikwe kwa adabu. Sita na tisa zikigeuzwa ni kitu kimoja, kwa hiyo kila 6 na kila 9 ipigwe mstari chini. Saba ipigwe kamstari katikati isifanane na moja. Ni jambo dogo, lakini kipande cha namba hakijui juu ni wapi. Kinaning'inia kwenye nguo iliyolowa, kinapinduka, na 86 inakuwa 98 mkononi mwa mtu aliyechoka. Mwenye nafasi aweke pia rangi ya kila siku: Jumatatu bluu, Jumanne kijani, na kuendelea. Kipande cha kijani kikionekana meza ya Alhamisi, hata mgeni anajua kuna nguo iliyosahauliwa.

Sasa hiyo namba inakaaje kwenye nguo? Hapa nitakaa kidogo. Madobi wa India walikutana na shida yetu kabla yetu, kwa wingi unaotisha. Pale Mahalaxmi, Mumbai, wanafua kwenye mabirika ya zege yaliyo wazi, na kila nguo inabeba alama ndogo ya siri yao ya kazi. Wino wa asili wa madobi wa nchi ile ulitoka kwenye kokwa la mti wanaouita bhilawa: maji meusi ya ganda lake yakichanganywa na chokaa yanashika kwenye pamba na sabuni haiyatoi. Mti huo ni wa ukoo mmoja na mkorosho. Nyinyi mliokulia Newala na Tandahimba hamshangai, mnajua maji ya bibo yakidondokea shati jeupe yanavyokaa humo mpaka shati linageuka tambara.

Lakini upande wa pili ndio ninaotaka mkae nao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wa Uingereza na Marekani waliokuwa India walianza kutokwa na vipele vya kuwasha na malengelenge pale tu alama ya dobi ilipogusa ngozi, nyuma ya shingo na kiunoni. Alama ilimlinda dobi na ikamchoma mteja. Mafuta ya ganda la korosho yana ukali wa namna hiyohiyo. Muulizeni mama yeyote aliyebangua kwa mkono bila kujikinga, awaonyeshe vidole vyake. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba huku wino tunao bure shambani. Hapana. Na funzo lile lichukuliwe hata kwa wino wa dukani: alama isikae inapogusa ngozi.

Ninachopendekeza ni rahisi. Kwa mteja wa kila wiki, kwa sare za kampuni na kwa shuka za gesti, chukua kitambaa cha bafta, kata vipande vyembamba, andika namba kwa maka peni ya wino usiofutika, acha ikauke, pitisha pasi, kisha fundi ashone kipande hicho upande wa ndani: kanzu kwenye mshono wa ubavu chini, suruali kwenye kitambaa cha mfuko, shuka kwenye pembe moja iliyo ileile kila mara ili mkono uijue bila kutafuta. Namba hiyo ni ya mteja milele. Kwa mteja wa kupita, kipande hichohicho kifungwe kwa pini, zile za kufungia hijabu, lakini ziwe za chuma kisichoshika kutu. Hewa yetu ya bahari inazila zile za bei ndogo ndani ya wiki, na doa la kutu kwenye shati la mtu ni kesi nyingine tena. Pini ipite kwenye tundu la kifungo au kwenye lebo. Ikipitishwa katikati ya kitambaa laini itakichana. Karatasi ya kubandika isiingie kwenye maji kabisa. Zipo pia lebo za kugandisha kwa moto, zinahitaji mashine yenye joto linalokaribia nyuzi 200, na nguo za nailoni haziuvumilii moto huo. Na zipo chipu za RFID ambazo hospitali na hoteli kubwa za nje wanashona ndani ya shuka, mashine inasoma rundo zima bila kulifungua. Ni vitu vizuri. Bafta na sindano vinatutosha kwa sasa.

Nguo zikishapata namba, zitatawanyika salama, mradi tujue kila nguo imepita na nani. Kila mashine inapojazwa, kuwe na kadi moja inayoandikwa namba za wateja waliomo humo. Kadi hiyo inafuata nguo: ikitoka kwenye mashine inakwenda kwenye beseni, ikitoka kwenye beseni inabanwa kwenye kamba, ikitoka kwenye kamba inakwenda meza ya pasi. Umeme ukikatika katikati na mkalazimika kukamua kwa mkono, kadi iingie beseni lilelile. Mvua ya Februari ikishuka ghafla na kila mtu akakimbilia kambani, kila kamba iwe na tenga lake na namba yake, na watu waanue kamba moja hadi iishe ndipo waende ya pili. Naliona hili kila mwaka: mikono minane inaanua kwa pamoja, tenga moja linapokea kila kitu, na kazi nzuri ya siku nzima inavurugika. Kusi nalo likivuma linadondosha nguo, na nguo iliyookotwa chini inarudishwa kwenye kamba iliyo karibu na mwokotaji. Ikiwa na namba, hakuna madhara. Ikiwa haina, imeshahama.

Meza ya kuchambulia iwe karibu na dirisha. Nyeusi na bluu iliyokoza haziachani chini ya taa hafifu, na wanaochambua usiku wanajua nasema nini.

Nguo za hospitali zisikutane na za wateja wengine mahali popote, wala beseni, wala tenga, wala meza. Hapo hatuzungumzii tena kupotea, tunazungumzia magonjwa.

Nifike sasa kwenye kufunga. Anayefunga asiwe aliyepokea. Anafungua daftari, anakusanya kwa namba, anahesabu, anasoma maelezo. Zikitimia anafunga na kutia saini. Zisipotimia, naomba mnisikilize hapa kuliko mahali pengine popote. Nguo 11 badala ya 12 maana yake kuna mtu mwingine ambaye ana moja ya ziada. Kuchanganya kuna pande mbili siku zote, lakini ni upande mmoja tu unaopiga kelele. Aliyepungukiwa atakuja na maneno makali. Aliyezidishiwa mara nyingi hajui, nguo imekunjwa katikati ya zake, ataiona wiki mbili mbele, na huenda wakati huo ameshasafiri kurudi Dar. Kwa hiyo ukikosa moja usianze kupekua duka zima. Chukua kadi ya mashine. Humo mna namba sita au saba, na nguo iliyopotea iko kwa mmoja wao. Zuia mafurushi hayo, fungua yote, hata yale yaliyokwisha kufungwa vizuri na kuwekwa shelfuni, kabla hata mmoja hajatoka mlangoni. Nusu saa ya kufungua itakuokolea mwezi wa kusakama. Lakini kama hukuandika kadi, namba zako sita ni mji mzima.

Hapa niseme na wenye ofisi peke yenu, na nitasema kwa uchungu. Acheni kukata mishahara ya vijana kila nguo inapokosekana. Naelewa mnalipa wateja, naelewa inauma. Lakini angalieni kinachotokea. Binti wa pasi anakuta shati lisilo na namba mezani kwake. Akilitoa, ataulizwa, na mwisho wa mwezi atakatwa. Akilisukuma kwenye furushi lolote, hakuna atakayejua leo. Tumemfundisha sisi wenyewe afiche. Badala yake wekeni kikapu kimoja mahali panapoonekana, cha nguo zisizo na namba, na kila anayeweka humo aandike daftarini ameiokota wapi na saa ngapi, na ashukuriwe mbele ya wenzake. Kikapu kiangaliwe kila jioni kabla ya kufunga. Watu hawa wanasimama mchana kutwa kwenye mvuke, wanapokea malipo madogo, na wao ndio macho yetu.

Na yale mabango ya "hatuhusiki na upotevu wa mali" yasitupe usingizi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mtu aitunze kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake ya namna hiyo. Mtu mwenye busara ya kawaida haweki kanzu zake 40 na za jirani kwenye rundo moja bila alama.

Kukabidhi kusitupite. Mteja mwenyewe akija, fungua, hesabuni pamoja, atie saini. Akimtuma mtoto au bodaboda, risiti ndiyo inayochukua nguo. Aliyetumwa bila risiti, mpigie mwenye nguo kwa namba ya simu aliyoiandikisha mwenyewe, usipige ile anayokupa aliyetumwa. Mkesha wa Idd wekeni mtu wa pili kaunta kwa kazi hiyo tu. Kijana wa kiwandani asiyepata ovaroli yake anarudishwa getini na siku yake ya kazi imekwenda. Bwana aliyekosa kanzu yake asubuhi ya Idd hatasahau mpaka Idd nyingine. Hao ni watu waliotuamini na vitu vinavyogusa miili yao.

Nimemaliza upande wangu. Kwenye meza ile ya nyuma nimeweka bafta iliyokatwa, maka peni, pini, na kadi tupu za mashine. Kila ofisi ichukue za kuanzia wiki hii. Wenye mashine moja tu na wanaofua kwa mkono, ningependa tuanze na maswali yenu, kwa sababu kadi ya mashine kwenu inabidi iwe kadi ya beseni, na nataka tukae tuipange pamoja kabla jua halijawa kali.